Neno Hupoza Maumivu, Lakini Mashua Isingoje

WAHENGA walinena kwamba maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Sisi watu wa pwani methali hii huitumia zaidi katika kusuluhisha ugomvi na kupeleka posa. Lakini iko elimu moja katika utabibu inayoichukua methali hii kwa uzito wake wote na kuuliza: ikiwa maneno humtoa nyoka pangoni, je, yaweza kuyatoa maumivu mwilini? Elimu hiyo huitwa hipnosi, na matibabu yatokanayo nayo ndiyo tiba ya hipnosi.

Jina hilo likitajwa barazani, wengi hushtuka. Huyu atakumbuka mazingaombwe ya jukwaani, yule atamkumbuka tapeli wa sokoni anayesemekana kumpumbaza mtu hata akampa fedha zake kwa mkono wake mwenyewe. Mwingine atanong'ona habari za majini. Basi si vibaya, ndugu msomaji, tukaulizana leo: hipnosi ni kitu gani, yafaa wapi, na yakomea wapi? Swali hili la mwisho ndilo kubwa kupita yote, hasa kwa mtu anayekaa mahali kama Kiwayu.

KISIWA NA SAFARI YAKE

Kiwayu ni kisiwa chembamba kirefu katika visiwa vya Lamu, yapata kilomita 50 kaskazini-mashariki mwa mji wa Lamu, kwenye njia ya kwendea Kiunga na mpaka wa Somalia. Upande mmoja kinapigwa na mawimbi ya bahari kuu. Upande wa pili yako maji matulivu na mikoko ya bara. Tangu mwaka 1979 bahari ya huko imo katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga. Wenyeji wake wengi ni Wabajuni, na kazi yao kubwa ni uvuvi wa samaki na wa kamba.

Hospitali kubwa iko mjini Lamu. Tangu mwaka 2015 shirika la Safari Doctors, lililoanzishwa na Bi. Umra Omar, limekuwa likiwafikishia matabibu kwa mashua watu wa vijiji vya mbali vya visiwa na mwambao huo. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, ugonjwa hauji kwa miadi. Mja mzito hushikwa na uchungu usiku wa manane, na mvuvi huchomwa na mwiba wa samaki siku asiyoitazamia. Hapo kati ya mgonjwa na hospitali ipo bahari. Kwa mashua ya mashine ni mwendo wa saa. Kwa tanga, upepo ukikataa, ni mchana kutwa.

Katika safari hiyo mgonjwa huandamana na wasafiri wawili asiowaalika: maumivu na hofu. Nao husaidiana. Maumivu huzidisha hofu, na hofu ikizidi huyatia maumivu makali. Ni juu ya wasafiri hawa wawili ndipo hipnosi inapodai kuwa na la kusema.

MGONJWA WA BUSHA WA BENGAL

Habari ya elimu hii ilianza kwa kosa. Katika karne ya 18 daktari mmoja aliyeitwa Franz Anton Mesmer, aliyezaliwa mwaka 1734, alitangaza kule Vienna na baadaye Paris kwamba miilini mwa watu mna maji fulani yasiyoonekana, yenye nguvu kama ya sumaku, na kwamba yeye aweza kuyaelekeza kwa mikono yake na kuponya. Watu walimiminika kwake. Wengine walilia, wengine walianguka, wengine walisema wamepona.

Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa, Louis wa 16, aliteua tume ichunguze. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Benjamin Franklin wa Marekani na mwanakemia Lavoisier. Tume ilifanya jaribio la werevu. Kijana mmoja alifungwa macho akapelekwa bustanini penye mti uliokwisha kutiwa nguvu hiyo. Kabla hajaufikia, alizimia mbele ya mti mwingine usiotiwa kitu! Tume ikaamua kwamba maji hayo ya sumaku hayapo, na kilichomwangusha kijana ni mawazo yake mwenyewe. Mesmer akapoteza heshima yake. Lakini ndani ya hukumu ile mlibaki fumbo: ikiwa mawazo yaweza kumwangusha mtu, je, hayawezi kumwinua?

Jibu moja lilitoka Bara Hindi, na msomaji wa pwani atalielewa upesi, kwa maana lahusu maradhi tuyajuayo sana. Mwaka 1845 daktari Mskochi, James Esdaile, alikuwa akitibu wagonjwa huko Hooghly, Bengal, karibu na Calcutta. Mwezi wa Aprili alimpasua mfungwa mmoja mwenye busha. Zama hizo dawa ya nusukaputi haikuwapo. Mgonjwa aliteseka sana, na Esdaile, aliyekuwa amezisoma tu habari za Mesmer, akajaribu kumtuliza kwa kumpitishia mikono mbele ya uso na mwili kwa muda mrefu. Mtu yule akatulia, akawa hajali maumivu.

Tangu hapo Esdaile alifanya mamia ya upasuaji kwa njia hiyo, wengi wao wakiwa wagonjwa wa mabusha na uvimbe mkubwa utokanao na matende. Si wote waliofaulu. Wengine hawakushikika kabisa, na wengine walitetemeka na kuguna kisu kikipita. Lakini wako waliolala kimya hata kazi ikaisha. Kisha Oktoba 1846 huko Boston ilionyeshwa hadharani dawa ya etha, na mwaka 1847 ikafuata klorofomu. Dawa hizo zilimlaza kila mgonjwa kwa dakika chache tu, na njia ya Esdaile ikawekwa kando. Tulikumbuke hilo: palipopatikana dawa ya hakika, maneno na mikono vilipisha njia. Ndivyo ipasavyo.

Jina lenyewe la hipnosi tunalo kwa James Braid, daktari Mskochi mwingine aliyekuwa Manchester, Uingereza. Katika kitabu chake cha mwaka 1843 alieleza kwamba hakuna sumaku wala maji ya siri; kilichopo ni fikira za mgonjwa zilizokusanywa mahali pamoja. Neno alilolitumia alilitoa katika Kigiriki, na maana yake ni usingizi. Baadaye alilijutia, kwa sababu hali hiyo si usingizi hasa. Lakini jina likisha kuenea halirudi.

YANAYOTENDEKA MBELE YA TABIBU

Kama si usingizi, basi ni nini? Tuchukue mfano wa mvuvi aliyeungua mkono kwa mashine ya mashua. Kila baada ya siku mbili tatu sharti afunguliwe kitambaa na kusafishwa kidonda, na kila siku hiyo ikikaribia huanza kutetemeka tangu asubuhi. Tabibu mwenye ujuzi wa hipnosi kwanza ataketi naye na kumweleza. Atamwuliza kama ameridhia, kwani pasipo ridhaa hakuna kazi. Kisha atasema kwa sauti ya upole: "Baba, kaa kwa raha. Tazama hapo ukutani. Sasa vuta pumzi pole pole, uitoe pole pole. Nieleze, baharini ni wapi unapopapenda?"

Mvuvi ataeleza labda asubuhi ya kaskazi, bahari shwari, maji yakinong'ona ubavuni mwa chombo. Tabibu atamrudisha huko kwa maneno: baridi ya alfajiri, mkono uliotiwa majini ukaanza kufa ganzi, ubaridi ukipanda vidoleni hadi kifundoni. Huku nyuma muuguzi anafungua kitambaa. Mgonjwa anasikia kila neno. Akitaka kusema atasema, akitaka kuinuka atainuka. Ila fikira zake zimeshika kitu kingine kwa nguvu, na uchungu wa kidonda umekuwa kama kelele za jirani: zipo, lakini hazimo chumbani mwako.

Hali kama hii si ngeni kwetu. Mtu huzama katika hadithi tamu asisikie akiitwa jina. Nahodha huipita njia aliyoizoea, akafika bila kukumbuka alipoupita mkondo. Hipnosi ni kuitumia tabia hiyo ya akili kwa makusudi, chini ya uongozi wa mtu mwenye elimu, kwa haja ya tiba.

Watu hawako sawa katika jambo hili. Mwaka 1959 wataalamu Andre Weitzenhoffer na Ernest Hilgard wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa kipimo cha kupimia nani huathirika na nani haathiriki. Vipimo vya namna hiyo vimeonyesha kwamba wachache, kama mmoja au zaidi kidogo katika kila watu kumi, huzama sana. Wachache vile vile hawashikiki. Na waliobaki wako katikati. Kutoshikika si ushupavu, wala kushikika si upumbavu. Ni kama sauti ya kuimba: huyu amejaliwa hivi, yule vile.

USHAHIDI WA MADAKTARI

Chama cha Madaktari cha Uingereza kiliikubali hipnosi kuwa ni njia ya matibabu mwaka 1955, na kile cha Marekani mwaka 1958. Tangu hapo majaribio mengi yamefanywa.

Mwaka 1984 Dkt. Peter Whorwell wa Manchester na wenzake waliandika habari za wagonjwa 30 wenye tumbo la kusokota na kujaa, lisiloonekana kidonda wala uvimbe, ambao dawa nyingi ziliwashinda. Waliotibiwa kwa hipnosi walipata nafuu kubwa kuliko wenzao. Mwaka 2008 taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza iliitaja hipnosi kuwa miongoni mwa njia za kufikiriwa kwa mgonjwa wa namna hiyo ambaye dawa hazikumfaa kwa muda wa mwaka mzima.

Huko Liège, Ubelgiji, Dkt. Marie-Elisabeth Faymonville alianza mwaka 1992 kuwatuliza wagonjwa wa upasuaji kwa hipnosi pamoja na sindano ya ganzi na dawa kidogo ya kutuliza. Maelfu wamepasuliwa kwa njia hiyo, wakiwamo wenye uvimbe wa tezi ya shingo. Angalia vizuri: sindano ya ganzi haikuachwa. Neno na dawa vilikwenda bega kwa bega.

Mwaka 1997 watafiti wa Montreal, Kanada, walitumia mashine ya kupiga picha za ubongo kwa watu waliotiwa mikono katika maji ya moto. Walipoelekezwa kwa hipnosi kwamba maji yale hayachukizi sana, sehemu ya ubongo inayohusika na karaha ya maumivu ilipunguza kazi. Kwa hiyo mgonjwa anayesema amepata nafuu hajifanyi.

Lakini si kila sifa ina mashiko. Katika kuzaa, uchunguzi uliokusanya majaribio tisa na kutangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba huenda hipnosi ikapunguza haja ya dawa za maumivu, ila haikuonekana wazi kwamba akina mama waliridhika zaidi. Na kwa wanaotaka kuacha sigara, uchunguzi wa mwaka 2019 haukupata ushahidi wa kutosha kwamba hipnosi inashinda njia nyingine. Basi anayekuuzia hipnosi kama dawa ya kila kitu, mtilie shaka.

ULIMI WA MUUGUZI

Msomaji wa Kiwayu atauliza: haya ya Liège na Montreal yanihusu nini mimi? Yako yanayomhusu sana, wala hayahitaji mashine.

Mwaka 2000 Dkt. Elvira Lang na wenzake wa Boston walitangaza jaribio la wagonjwa 241 waliofanyiwa matibabu ya kuingizwa mipira ndani ya mishipa na figo wakiwa macho. Waliofundishwa kujituliza kwa hipnosi palepale kitandani walihitaji dawa kidogo, na kazi ilikwisha mapema. Kisha mwaka 2005 daktari huyo huyo na wenzake walionyesha jambo lingine la kushangaza. Mgonjwa akiambiwa, "Sasa utaumia, utasikia kuchoma," kwa nia njema kabisa ya kumtahadharisha, maumivu na wasiwasi wake huzidi. Kumbe ulimi wa muuguzi nao ni sindano.

Wakunga wa visiwani wamelijua jambo hili zamani. Mwanamke akishikwa na uchungu ndani ya mashua, mkunga mwema hamwambii, "Utakoma leo!" Humshika mkono akasema, "Mwanangu, nitazame mimi. Uchungu ni wimbi. Laja, lapanda, halafu lashuka. Hili nalo lashuka." Naye hujibu, "Nimekusikia, mama." Huyo mkunga hajasomea hipnosi, lakini ameshika mzizi wake: kuikusanya fikira, kuipa pa kushika, na kutoongeza hofu juu ya uchungu. Ujuzi huu waweza kufundishwa kwa kila muuguzi, kila mhudumu wa afya kijijini na kila nahodha abebaye wagonjwa. Hauna gharama ya dawa wala hauhitaji umeme.

JE, DINI YASEMAJE?

Hapa ndipo penye mashaka ya wengi, na ni haki kuyajibu kwa adabu. Kwanza, tusichanganye mambo. Kisomo, dua na ruqya ni ibada. Mwenye kusoma anamwomba Mwenyezi Mungu, na shifaa ni Yake. Hipnosi si ibada wala si badala ya ibada. Ni kazi ya mikono ya wanadamu, kama kuunga mfupa. Pili, haihusiani na kupunga pepo. Katika ngoma za pepo mtu hupandisha, na huaminiwa kwamba asemaye si yeye. Katika hipnosi asemaye ni yeye mwenyewe, na akili yake anayo.

Wako maulamaa wanaoikataza, na aghalabu hutazama ile inayofanywa na makahini wanaodai kutumia majini au kuitawala akili ya mtu. Tiba ya hospitali haina dai hilo. Hata hivyo, mwenye shaka na amwulize shekhe wake, na amweleze sawasawa kinachofanyika, ili jibu liwe la jambo lenyewe na si la jina lake. Na mwanamke ana haki ya kutibiwa na mwanamke mwenziwe, au awe na maharimu wake chumbani. Tabibu mwenye heshima hatakataa hilo.

Wala kutibu mwili kwa kupitia moyo si uzushi wa Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha maslahi ya miili na nafsi, akieleza kwamba nafsi nayo huugua na ina tiba zake. Na Nizami Arudhi wa Samarkand, katika karne ya 12, alisimulia kisa cha Ibn Sina na kijana wa kifalme aliyeamini kwamba yeye ni ng'ombe, akikataa kula na kulia achinjwe. Ibn Sina aliingia na kisu kama mchinjaji, akampapasa, akasema: ng'ombe huyu amekonda, mlisheni kwanza anenepe. Kijana akala, na katika chakula mkatiwa dawa, hata akapona. Kiwe kisa hicho kilitokea hasa au la, chaonyesha jinsi Waislamu wa zama hizo walivyoifahamu hekima hii: tabibu aliingia kwa mlango wa maneno, lakini dawa pia aliitia.

MIPAKA

Sasa tufike kwenye kiini. Hipnosi haiui vijidudu vya malaria. Haishushi sukari ya mgonjwa wa kisukari, haizuii damu ya mzazi inayomwagika, haitoi sumu ya nyoka. Hatari yake kubwa si kwamba itaiteka akili ya mtu. Hatari ni kwamba yaweza kumtuliza mgonjwa ambaye hakupaswa kutulizwa, bali kupakiwa chomboni mara moja. Maumivu ni mjumbe. Kumnyamazisha mjumbe kabla ya kuusoma ujumbe wake ni ujinga.

Vile vile, anayesikia sauti zisizokuwapo au aliyepotewa na fahamu zake za kawaida asifanyiwe mchezo huu na mtu asiye daktari wa maradhi ya akili. Na asidanganywe mtu kwamba hipnosi hufichua mambo ya zamani yaliyosahauliwa, au humtaja mwizi. Mtu aliye katika hali hiyo huweza kukumbuka yasiyotokea, na akayaamini kabisa.

Yako pia machungu yenye sababu. Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia hoteli ya watalii katika eneo la Kiwayu, wakamwua mgeni Mwingereza na kumchukua mkewe hadi Somalia, ambako alikaa mateka mpaka Machi 2012. Usalama ukakazwa, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa miaka. Anayekosa usingizi kwa mambo kama hayo aweza kusaidiwa kupumua na kulala. Lakini hofu yenye sababu na njaa yenye sababu haziondoki kwa maneno matamu peke yake.

Kuhusu tapeli wa sokoni, sayansi haijaona kwamba neno moja au macho makali humnyang'anya mtu hiari yake. Tapeli hutumia haraka, tamaa na hofu, na pengine dawa ya kulevya kinywajini. Kinga yake ni kutokubali kuharakishwa na kutokula cha usiyemjua.

Kwa mwenye kutaka tiba hii hapa Kenya, sheria ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kusimamia washauri nasaha na wanasaikolojia. Kwa hiyo uliza kabla hujatoa fedha: wewe ni daktari au mwanasaikolojia? Umesajiliwa wapi? Maradhi haya yamekwisha kuchunguzwa hospitali? Asiyekujibu kwa uwazi, mwage. Na anayekuambia uache dawa zako, mkimbie.

Na kwa ndugu zetu wa Kiwayu, Mkokoni, Ndau na Kiunga, utaratibu ni mmoja na ni mwepesi kukumbuka. Mgonjwa akizidiwa, kwanza itwe mashua. Wakati mashine inawashwa, mwenye sauti tulivu kuliko wote aketi kichwani pa mgonjwa na asimwache hadi Lamu. Hao wawili, nahodha na mwenye sauti, kila mmoja ana kazi yake, na hakuna awezaye kuifanya ya mwenziwe.